Jinsi ya kupanga magari ya kale na ya kisasa kwenye onyesho moja

Kwenye maonyesho mengi ya magari utakuta ya kale yamejipanga kivulini, ya kisasa yako kule kwenye spika. Wazee wanazungumza wao kwa wao, na vijana wa Subaru vivyo hivyo. Mimi hupanga kwa ukoo, si kwa umri, na nakushauri ufanye hivyo.

Hatua ya 1: Orodha. Wiki mbili kabla, muulize kila mwenye gari modeli, mwaka na urefu. Ongeza maswali haya: hendibreki inashika? Linavuja oili? Linachemka kwenye foleni? Uliza kwa heshima. Gari la miaka 50 kudondosha oili kidogo si aibu.

Hatua ya 2: Tafuta jamaa. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, iweke ubavuni mwa Nissan Z mpya, boneti zote mbili zikiwa wazi. Huku silinda sita kwenye mstari mmoja na kabureta mbili unazoziona kwa macho. Kule V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, yenye turbo mbili. Land Cruiser FJ40 ipe Land Cruiser 300. Peugeot 404, iliyomletea ushindi Bert Shankland wa Tanzania mwaka 1966 na 1967, ipe 504.

Lisilo na ndugu halikosi mwenzake. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Volkswagen Beetle na Subaru Impreza. Zote mbili zina injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ila ya Beetle iko nyuma na inapozwa kwa hewa, ya Subaru iko mbele na inapozwa kwa maji. Mzee na kijana wakishainamia injini hizo, huna haja ya kuwatambulisha.

Hatua ya 3: Chora uwanja. Chokaa, kamba na futi vinatosha. Kila gari lipate mita 3 kwa 6, ili milango ifunguke bila kugonga jirani. Sehemu tambarare wape wenye hendibreki dhaifu, na kabari ziwekwe kwenye magurudumu. Magari yaliyoshushwa chini yasipitishwe kwenye mitaro. Kunjua maboksi chini ya yanayovuja, na kizima moto cha unga kiwe karibu na kila kundi la kabureta.

Hatua ya 4: Kuingiza. Hapa ndipo onyesho huharibika. Magari mengi ya kale yana feni inayozungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizunguka polepole, feni nayo huzembea. Kwenye foleni ya langoni radiata inakosa upepo, petroli inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, gari linazima na halikubali kuwaka mpaka lipoe. Gari la kisasa lina feni ya umeme inayojiwasha joto likipanda, hivyo linaweza kusubiri.

Basi waite wenye magari ya kale saa moja mapema, na uwape njia isiyo na foleni, wafike moja kwa moja mahali pao. Likizima, lisukumeni. Kifuniko cha radiata kisiguswe kikiwa cha moto. Jirani wa kisasa naye asiunganishe nyaya kutoka betri yake ya volti 12 kabla ya kuuliza, maana Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina umeme wa volti 6.

Hatua ya 5: Majaji. Jozi zikae pamoja, lakini zisishindanishwe. La kale lipimwe kwa uasilia wa vipuri na rangi, la kisasa kwa usafi wa kazi iliyoongezwa. Waambie washiriki hivyo kabla hawajalipa ada.

Hatua ya 6: Kutoka. Magari ya kale yaondoke kwanza, hasa ya volti 6. Taa zake ni hafifu, na wenyewe wanahitaji kufika nyumbani kabla ya giza.