Kuchora skrini ya simu kwa Inkscape, mkono ukiwa kwenye kibodi

Skrini ya simu imejaa vitu vinavyojirudia: kitufe, kisanduku cha kuandikia, mstari wa orodha. Kuchora kimoja hakuchukui muda. Muda huliwa na kurudia na kurekebisha. Inkscape ni programu huria yenye mikato ya kibodi ya kutosha kwa kazi hii, ila anza na ukurasa.

Bonyeza Ctrl+Shift+D kufungua sifa za hati. Badili vipimo viwe px (pikseli), weka skeli ili kizio kimoja kiwe pikseli moja, kisha ukubwa wa 360 × 640. Fanya hivyo kabla hujachora chochote. Ukiacha milimita za mwanzo, mtu atakayefungua faili lako la SVG (aina ya faili ambalo Inkscape huhifadhi) atakuta tarakimu kama 0.26458 kila mahali, kwa sababu hiyo ndiyo pikseli moja kwa milimita. Ongeza gridi ya px 8. Alama ya # huiwasha na kuizima.

Sasa kitufe. F4 huleta zana ya mstatili, F1 ya kuchagulia, F8 ya maandishi. Herufi R, S na T hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kishale kikiwa ndani ya maandishi, R itaandikwa tu kama herufi. F4 haina shida hiyo, ndiyo maana ni bora kuizoea. Chora mstatili, bonyeza F1, kisha kwenye visanduku vya juu andika X 16, Y 400, W (upana) 328, H (urefu) 48. Hakikisha kufuli la uwiano kati ya W na H limefunguliwa, la sivyo namba moja itaivuruga nyingine. Urefu wa 48 unatosha kidole, usipunguze.

Kwa vitufe vingine usitumie Ctrl+D. Hiyo hutoa nakala iliyojitenga, na siku ukibadili rangi utabadili kimoja kimoja. Tumia Alt+D: hutoa pacha (clone) anayefuata kila badiliko la mama yake, yaani umbo la asili. Katika mapendeleo (Ctrl+Shift+P), weka hatua ya mishale iwe px 8; kisha mshale wa chini mara nane humshusha pacha px 64, na nafasi ya 16 inabaki kati ya vitufe. Hapo hapo kwenye mapendeleo, sehemu ya mapacha, chagua wabaki palepale mama anaposogezwa. Bila hivyo, ukimsogeza mama wote wanahama naye, na mpangilio wako umeharibika. Maandishi yaweke nje ya pacha, kwa kuwa yakiwa ndani vitufe vyote vitasema “Tuma”. Shift+D hukurudisha kwa mama. Shift+Alt+D humkata pacha.

Kingo zikionekana na ukungu baada ya kutoa picha (export), chanzo huwa ni mstari wa ukingoni (stroke) wa px 1: nusu yake iko nje ya umbo, nusu ndani, na umbo limenata kwenye gridi. Ondoa mstari ubaki na rangi ya ndani, au andika X na Y kwa namba kamili badala ya kuburuta.

Kwenye baadhi ya Linux, Alt pamoja na kipanya husogeza dirisha zima badala ya kufanya kazi ndani ya Inkscape. Badilisha kazi hiyo iende kwa Super (kitufe chenye nembo ya Windows) katika mipangilio ya madirisha.

Mwisho, bonyeza Ctrl+Shift+E kutoa picha, chagua ukurasa: DPI (nukta kwa inchi) 96 hutoa 360 × 640, na 192 hutoa 720 × 1280.