Kununua Audi iliyotumika: ikute injini ikiwa baridi

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu, amepata A4 ya mwaka 2010, nyeusi, viti vya ngozi, haina mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa ameshaanza kuhesabu hela. Nilimwomba jambo moja tu: asilipe chochote mpaka tulione gari asubuhi, kabla halijawashwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya siku hiyo, pamoja na yale yaliyonigharimu mimi kwenye gari langu la kwanza.

Audi hainunuliwi kwa rangi wala kwa mwaka. Inanunuliwa kwa herufi za injini, herufi za giaboksi na risiti za sevisi.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha kwenye buti

Inua zulia la buti, tazama pale tairi la akiba linapolala. Kuna kibandiko cha karatasi chenye namba ya chesisi, herufi za injini, herufi za giaboksi, namba ya rangi, halafu safu za vifupisho vya herufi na tarakimu tatu tatu. Kipige picha. Kingine kama hicho kiko kwenye kitabu cha sevisi. Visipofanana, uliza.

Kwenye namba ya chesisi, nafasi ya 7 na ya 8 hutaja toleo: 8K ni A4 iliyotoka mwishoni mwa 2007 hadi 2015, 8E ni zile zilizoitangulia. Nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012.

Picha hiyo itunze hata baada ya kununua. A4 mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski za breki za vipimo tofauti, na muuza spea ukimwambia "A4 ya 2010" atakisia tu. Mpe namba ya chesisi na kifupisho cha breki.

Hatua ya 2: Jua ni injini ipi

"2.0 TFSI", yaani injini ya petroli yenye turbo, ni jina la familia nzima. Zenye herufi BWE na BGB, za A4 iliyoishia 2008, zina mkanda wa taiming, na pampu yake ya petroli ya presha kubwa inasukumwa na kikombe kidogo cha chuma kinacholika taratibu. Kikitoboka, kinaanza kula kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kukikagua si kazi kubwa, na kipya si ghali ukilinganisha na hasara.

CAEB, CDNB na CDNC, pamoja na 1.8 TFSI ya CDHB, zina cheni. Hizi ndizo zenye sifa mbaya mbili: tensheni (kifaa cha kukaza cheni) ya toleo la zamani, na ringi za oili nyembamba ambazo matundu yake huziba, injini ikaanza kunywa oili. CNCD, iliyokuja baadaye, ilirekebishwa. Kama una uwezo wa kusubiri, isubiri hiyo.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa baridi kabisa

Hapa ndipo nilipopotea mimi. Gari langu la kwanza nililikuta linanguruma vizuri getini, mwenye nalo ameshaliwasha "ili lipate moto kidogo". Sikuuliza. Wiki ya tatu cheni iliruka.

Ukifika, kabla ya mazungumzo hayajakolea, weka kiganja juu ya boneti. Kisha fungua, shika mpira wa maji wa juu unaotoka kwenye rejeta. Ukiwa wa uvuguvugu, sema utarudi kesho. Mpwa wangu aliona aibu kusema hivyo, nikasema mimi.

Sababu ni hii. Tensheni inaikaza cheni kwa presha ya oili. Ukizima injini presha inaisha, na kinachoizuia tensheni isirudi ndani ni meno yake. Kwenye toleo la zamani meno hayo hushindwa, cheni inalala ikiwa legevu, na unapowasha asubuhi kabla oili haijapanda, inaweza kuruka. Valvu zinakutana na pistoni, kichwa cha injini kimekwisha. Ndiyo maana hufa wakati wa kuwashwa, mara nyingi bila onyo la siku nyingi.

Kwa hiyo mwombe mwenye gari awashe, wewe usimame mbele ya gari, boneti iko wazi, na usikilize sekunde tatu za kwanza. Mkwaruzo wa chuma, krrr, kisha kimya, ni alama ya hatari. Mkwaruzo ukiendelea, mwambie azime.

Lakini usihukumu kwa sikio peke yake. Injini hizi huingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, na injekta zake hutoa tiki-tiki ya haraka wakati wote. Hiyo ni kawaida. Pia kimya si ushahidi wa uzima: cheni iliyovutika inaweza kuwaka kimya kabisa asubuhi uliyokwenda wewe. Hivyo fanya mambo mawili zaidi.

La kwanza, chomeka kompyuta. Mimi natumia VCDS, programu ya kusoma magari ya VW na Audi, yenye waya wake halisi na sina hamu na vile vidude vya bluutuuthi vya kusoma magari yote, kwa sababu vingi huishia kwenye injini tu. Giaboksi, ABS na dashibodi havivigusi. Tafuta kosa la P0016, linalosema kamshafti na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) havipatani. Soma pia nafasi ya kamshafti injini ikiwa na moto, bila kukanyaga mafuta: iwe karibu na sifuri. Kadiri inavyozama upande wa hasi, ndivyo cheni ilivyovutika.

Halafu tazama kitu ambacho mafundi wengi hukiruka. Kompyuta ya injini ina orodha ya vipimo inavyojifanyia yenyewe gari likitembea. Mtu akifuta makosa, vipimo hivyo hurudi kuwa "bado". Gari la mpwa wangu halikuwa na kosa hata moja, ila vipimo vingi vilikuwa bado. Nilimgeuzia mwenye gari skrini, nikamuuliza kwa upole ni lini yalifutwa. Akanyamaza, kisha akasema kuna taa ilikuwa ikiwaka, fundi akaizima jana yake.

La pili, omba ruhusa ya kutazama tensheni yenyewe. Mfuniko wa chini wa cheni una kizibo kidogo cha mpira. Ukikitoa, kwa tochi na kioo cha kijiti unaona kama ni toleo la zamani au jipya. Beba kizibo kipya mfukoni, cha zamani huwa kimekakamaa na kinaweza kuvuja ukikirudisha. Mwenye gari akikataa, risiti ya kubadilishwa kwa tensheni yenye namba ya chesisi inatosha. Maneno hayatoshi.

Gari lile tuliliacha. Alilolinunua baadaye lilikuwa na risiti hiyo.

Hatua ya 4: Giaboksi

Multitronic, otomatiki isiyo na gia za hatua, huwa kwenye A4 na A6 zinazovuta kwa mbele, na kwenye D husikii ikibadili gia. Zile za quattro, zinazovuta kwa magurudumu yote manne, mara nyingi ni S tronic (ya klachi mbili) au Tiptronic (otomatiki ya kawaida). Multitronic na S tronic ya klachi zinazoogea oili zinataka oili mpya kila kilomita 60,000. Hakuna risiti? Chukulia haijawahi kubadilishwa. Ikishtuka ukitoka D kwenda R, au ikitetemeka ukitambaa polepole, ondoka. Mimi huchagua Tiptronic au gia za mkono kila ninapopata nafasi.

Hatua ya 5: Barabarani

Pita kwenye matuta polepole, madirisha yakiwa wazi. Mlio wa kugonga mbele ni mikono ya saspensheni, iko minne kila upande. Kwa quattro, tairi zote nne ziwe saizi moja na kina cha kashata kinacholingana.

Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza

Badilisha oili na filta siku ileile. Oili iwe na idhini ya VW 502 00 au 504 00 kwa petroli, imeandikwa nyuma ya galoni. Ratiba ya kilomita 30,000 siipendi hata kidogo. Mimi sivuki 10,000.

Sasa pima inakunywa kiasi gani. A4 nyingi za 8K hazina dipstiki, kipimo kiko kwenye skrini. Soma gari likiwa tambarare na injini imepata moto, na usifungue boneti kabla ya kusoma, maana kompyuta hudhani umeongeza oili, inakunyima kipimo mpaka utembee tena. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, tembea 1,000, kisha rudisha kwenye alama ileile kwa chupa ya lita moja yenye mistari. Kilichopungua kwenye chupa ndicho ilichokunywa. Kitabu cha gari kinakubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Ikivuka hapo, dawa za kumimina kwenye oili zisikupotezee hela: kazi ni pistoni na ringi mpya.

Na fundi akibadilisha ile mikono ya juu ya mbele, mwambie aloweshe boliti ndefu inayoibana kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Ni ya chuma ndani ya alumini, hushikana kama imechomelewa. Yangu ilichukua saa tano, na asigonge kwa nyundo: alumini ikipasuka, unanunua kipande kizima kinachobeba gurudumu.

Mpwa wangu amepima juzi. Chupa ilipungua robo lita.