Somo: Jinsi ya kusoma maneno ya ngozi kwenye daftari la kliniki

Jumamosi jirani yangu hapa Tandika alibisha hodi ameshika daftari la kliniki la mwanawe. Ndani kuna mstari mmoja tu: tinea kapitisi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii ni kansa?" Nikamwambia hapana mama Rama, hayo ni mapunye. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Mapunye anayajua tangu utotoni, alishayapata yeye na kaka zake wote. Kilichomtisha ni Kilatini.

Somo la leo ni kwa wanafunzi wa uuguzi, kwa wenzangu tunaotafsiri vipeperushi vya afya, na kwa yeyote anayepewa daftari akabaki kulikodolea macho. Naandika maneno haya kama tunavyoyatamka. Kwenye daftari utakuta c mahali ninapoweka k, na irabu ya mwisho mara nyingi haitakuwepo. Tafuta rula yenye milimita na ukae karibu na dirisha. Taa ya chumbani inadanganya rangi.

Hatua ya 1: Jina liache kwanza

Kosa letu kubwa ni kukimbilia jina. Hapa Dar kila kinachowasha ni "fangasi", na kisipokuwa fangasi ni "aleji". Neno "upele" ndilo limechoka kuliko yote. Upele hasa ni ugonjwa wa yule mdudu mdogo anayechimba vijia ndani ya ngozi, Sarcoptes scabiei, anayekufanya ujikune usiku, katikati ya vidole, viganjani na kiunoni. Lakini tunalitumia pia kwa vipele vyovyote vile.

Hili limeshaniumbua. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kipeperushi cha dawa ya watoto, sehemu ya maudhi ya dawa. Maana iliyokusudiwa ilikuwa kwamba baadhi ya watoto hutokwa na vipele mwilini. Mimi nikaandika "dawa inaweza kusababisha upele". Kikachapwa, kikagawiwa. Muuguzi mmoja akanipigia simu: kina mama wanauliza kwa nini mtoto apewe dawa inayoambukiza nyumba nzima. Walikuwa na haki. Upele wa kweli hutibiwa familia yote kwa siku moja, hata asiyejikuna, kwa sababu anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla mwasho haujaanza. Tangu siku ile naandika "kutokwa na vipele", na upele nauachia mdudu wake.

Kwa hiyo kabla ya jina, sema unachokiona.

Hatua ya 2: Fumba macho, papasa

Pitisha kidole juu ya ngozi. Kama hausikii chochote, yaani rangi imebadilika lakini ngozi iko sawasawa, hiyo ni makula. Kilatini chake ni "doa", basi. Warumi hawakuwa na siri yoyote. Doa likizidi sentimita 1 sisi tuna neno letu zuri, baka.

Kama kidole kinakwama kwenye kitu kidogo kigumu, hiyo ni papula, kipele. Kikiwa kikubwa na kimezama chini zaidi ni nodula, maana yake fundo dogo. Eneo pana lililoinuka lakini juu yake bapa, kama lile la ugonjwa wa soriasisi lenye magamba meupe, huitwa plaki. Mimi hutafsiri "bamba", na sijajuta.

Yenye maji ndiyo yanayonifurahisha. Kitabu kitakwambia vesikula ni ndogo na bula ni kubwa, na mpaka wao ni sentimita 1. Vitabu vingine husema nusu sentimita. Mwanafunzi anakariri usiku kucha. Lakini Kiswahili kimeshafanya kazi hiyo kwenye ngeli: kilengelenge na lengelenge. Ile ki- ya udogo inatosha. Mtu aliyeungua na chai anaota lengelenge. Mtoto wa tetekuwanga anaota vilengelenge. Ndani kukiwa na usaha badala ya maji, ni pustula.

Kwa kuwa vitabu havikubaliani kuhusu mpaka, usiandike "kubwa" wala "ndogo". Weka rula, andika milimita.

Hatua ya 3: Rangi, na hapa simameni kidogo

Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliacha dalili nne za mahali palipochokozeka: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wekundu aliuweka mwanzo, na vitabu vimemfuata hadi leo. Neno lake la hospitali ni erithema, nasi tunalitafsiri "ngozi kuwa nyekundu" bila kufikiri.

Sasa mwite mtoto mweusi wa Mbagala mwenye ngozi iliyochokozeka, umsogeze dirishani. Utaona wekundu? Mara nyingi utaona weusi zaidi, au zambarau iliyofifia, au rangi ya kijivu kama ya majivu. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi, imekaa kwenye tabaka la juu, epidemisi, na damu inapita chini yake kwenye demisi, kwa hiyo unaiona damu kupitia pazia. Mama akisoma "angalia kama ngozi imekuwa nyekundu" ataangalia, hataona nyekundu, atarudi kulala.

Katika vipeperushi vyangu siku hizi naandika: "ngozi imebadilika rangi, imekuwa nyekundu, zambarau au nyeusi kuliko kawaida, na ukiigusa kwa mgongo wa mkono ina joto kuliko pembeni yake." Ni ndefu, najua. Wahariri hulalamika. Waache walalamike.

Hatua ya 4: Lipasue neno

Maneno haya marefu ni kama behewa za treni, kila moja lina mzigo wake. Dema- ni ngozi. Melano- ni nyeusi. Kerato- ni ile protini ngumu ya kucha na nywele. Mwisho wa neno, -itisi humaanisha mahali pamechokozeka na kuvimba. Dematitisi, basi, ni ngozi iliyochokozeka, na daktari akiandika hivyo bila kuongeza neno, hajakwambia sababu bado.

Haipa- ni kuzidi. Haipo- ni kupungua, au kuwa chini. Wanafunzi wangu hukumbuka kirahisi: haipopigimentesheni, rangi haipo! Mbinu nzuri, lakini ina mtego. Haipo- inasema rangi imepungua tu, bado ipo. Ikiisha kabisa wanaandika depigimentesheni. Baka la mba rangi yake imepungua. La vitiligo, ambalo wengi tunaliita mbalanga, rangi imeisha, kwa sababu seli zinazoitengeneza, melanosaiti, zenyewe zimekufa. Na msichanganye na ualbino: kule melanosaiti zipo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha.

Hatua ya 5: Angalia mkia

Tinea ni jina la jumla la fangasi wa ngozi. Kwa Warumi lilikuwa jina la mdudu anayetoboa nguo. Neno linalofuata ni anwani tu. Kapitisi ni kichwa, pedisi ni mguu, krurisi ni kinena, unguiumu ni kucha, korporisi ni mwili, na hiyo ya mwisho ndiyo choa chetu cha duara. Ukizijua tano hizi, umesoma madaftari mengi ya mji huu.

Anwani hiyo haipo kwa mapambo. Tinea kapitisi haitibiki kwa kupaka, kwa sababu fangasi wameingia hadi kwenye shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Ndiyo maana mama Rama nilimrudisha kliniki. Alikuwa ameshanunua krimu.

Mengine nawaachia kama kashata. Zosta ni Kigiriki cha "mkanda", na sisi bila kuwauliza Wagiriki tukauita ugonjwa huo mkanda wa jeshi. Harara inayotuandama Januari na Februari, jasho likiziba njia zake, huitwa miliaria, kutokana na neno la Kilatini la punje ndogo za nafaka, jamii ya uwele na ulezi. Mwangalie mtoto mgongoni wakati wa joto, utaona walivyopata jina.

Maswali ya wasomaji

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Temeke: Shikamoo mwalimu. Umesema baka la mba. Mba si ya kichwani? Kwenye noti zetu ya mwilini ni tinea versikola.

Marahaba mwanangu. Wazee wa pwani huita zote mbili mba, ya kichwani na ya kifuani, na wengi wetu tumefundishwa kwamba wanachanganya. Hawachanganyi. Fangasi anayehusika na mabaka ya mwilini anaitwa Malassezia, na huyohuyo anahusika na mba ya kichwani. Noti zako ndizo zenye kasoro: Malassezia si wa ukoo mmoja na wale wa choa na mapunye, kwa hiyo siku hizi wengi wanapendelea kuandika pitiriasisi versikola. Pitiriasisi ni Kigiriki cha pumba. Sugua baka kwa ukucha uone pumba zinavyodondoka.

Mama Tunu, Mbagala: Mwalimu, nilikuwa na choa shingoni. Duka la dawa wakanipa krimu, siku tatu mwasho kwisha, duara likafifia. Nilipoacha imerudi kubwa, haina hata duara. Sasa naiitaje?

Pole sana dada. Hilo lina jina, tinea inkognito, yaani fangasi aliyejificha. Mara nyingi krimu ya namna hiyo ina steroidi. Steroidi hutuliza ule uchokozi ndiyo maana mwasho unakwisha, lakini fangasi haimuui. Inawazubaisha walinzi, mwizi anaendelea kubeba vyombo. Mpaka wa duara ulikuwa alama ya mwili kupigana, sasa haupigani. Nenda kliniki na tyubu yenyewe, wasome kilichomo, na useme umepaka siku ngapi. Na samahani kwa swali hili, lakini watakuuliza: unatumia mkorogo? Mikorogo mingine ina steroidi hizohizo, mbali ya haidrokwinoni na zebaki ambazo kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini.

Mfasiri mchanga: Eksema nitafsiri ukurutu au pumu ya ngozi? Mteja wangu anakataa "pumu ya ngozi", anasema inatisha.

Inategemea. Eksema ni neno pana, Kigiriki cha kitu kinachochemka na kufurika, na ukitazama ngozi inayotoa majimaji utawaelewa. Hapo ukurutu unafaa. Pumu ya ngozi iwekee aina moja, dematitisi ya atopiki, ile ya watoto kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Jina hilo la mtaani lina akili, maana pumu ya kifua na ngozi hii hutembea pamoja katika familia. Ila mteja wako ana hoja: wapo wanaodhani ugonjwa umetoka mapafuni ukahamia ngozini. Ongeza sentensi moja, "haiambukizi, na si pumu ya kifua." Mtatulizana.

Muuguzi, Kigamboni: Kuna fomu inataka nitafsiri baka lenye rangi iliyopungua na lisilo na hisia. Nikiandika hivyo mgonjwa anauliza hisia za mapenzi!

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Andika "baka jeupe kiasi, ambalo ukiligusa kwa pamba halisikii". Hiyo ni dalili ya ukoma, kwa hiyo usiruhusu utani uifiche. Watu huhangaikia kinachowasha, na baka hili haliwashi wala haliumi, basi mtu anakaa nalo miaka. Kimelea chake kiligunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, na wengine huita ugonjwa wa Hansen ili kukwepa unyanyapaa. Mimi neno ukoma silikwepi, nakwepa "mkoma". Andika "mtu mwenye ukoma", na mstari unaofuata uandike kwamba unatibika na dawa hutolewa bure.

Kaka wa Kariakoo: Urtikaria je? Umeiruka.

Nimeiruka makusudi, ukanikamata. Ni vile vivimbe bapa vinavyowasha, vinavyoibuka ghafla na kila kimoja kutoweka ndani ya saa 24, kingine kikaibuka kwingine. Mtaani ni "aleji" tu. Naandika "vivimbe vya mzio", ingawa si kila mara sababu ni mzio. Kilatini kimechukua jina la mmea wa Ulaya unaowasha ukiugusa. Sisi wa kwetu ni upupu, na jina lake la kitaalamu ni Mucuna pruriens, shina moja na pruritusi, neno la hospitali la mwasho. Ningependa kuviita vivimbe vya upupu. Tatizo, mgonjwa atabisha kwamba hajakanyaga shamba tangu ahamie Dar.