Wakitaka kujenga magorofa kando ya mto: nilivyojifunza kuandika pingamizi hapa Grogan

Bango lenyewe halikuzidi sinia ya chapati. Lilipigiliwa misumari kwenye nguzo nyuma ya kibanda cha chai, upande unaotazama mto, mahali ambapo hapiti mtu ila anayekwenda kumwaga maji machafu. Siku hiyo mwenye ndoo nilikuwa mimi.

Nashona viti vya magari Barabara ya Kirinyaga, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sisi mafundi bado tunaiita Grogan, jina la yule mlowezi Ewart Grogan. Kibao cha barabara kilibadilishwa, midomo ikakataa. Nyuma ya vibanda vyetu unapita Mto Nairobi, ule unaoanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ukiwa maji na kutufikia ukiwa kitu kingine. Bango lilisema ploti tatu zinazopakana na mto zimeombewa kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka gereji na maghala hadi nyumba za kuishi, ghorofa 14.

Kikundi chetu kilikuwa kimenichagua katibu kwa sababu ya mwandiko mzuri, basi. Sikuwa najua sheria hata moja. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu wa Gikomba, Kamukunji, Mathare au Mukuru atakayekutana na bango kama hilo.

Piga picha kwanza, piga kelele baadaye

Nilitoa simu nikapiga picha bango likiwa peke yake, kisha bango pamoja na kibanda na mto, kisha nikamtuma kijana wangu wa kazi anunue gazeti la siku hiyo, akalishika kando ya bango nikapiga tena. Alidhani nimeingiwa na wazimu. Kesho yake asubuhi misumari ilikuwepo, bango halikuwepo.

Tarehe ndiyo roho ya jambo hili. Tangazo la kubadilisha matumizi hutoa siku 14 za kuandika pingamizi, na zinahesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye tangazo, wala hakuna anayejali wewe uliliona lini. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inamtaka mwombaji autangazie umma na kuualika utoe pingamizi. Tangazo hutoka magazetini pia, kwenye zile kurasa za maandishi ya mchwa ambazo kwetu hufungia mandazi.

Nakili kila kitu: namba ya ploti, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, mwombaji, na ofisi ya kupelekewa barua. Namba ya ploti ndiyo ufunguo. Ukiwa nayo unaweza kufanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, ujue mwenye hati ni nani. Bila namba utazungushwa ofisi hadi ofisi ukieleza "pale karibu na daraja".

Ugomvi wenu uishe nyumbani

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na nashukuru tulikaa. Jioni ya kwanza nilidhani wote tutasema hatutaki. Mzee wetu wa springi, aliyekuja Grogan kabla sijazaliwa, alisema ukingo ule ni wetu tangu zamani. Nikamuuliza kwa heshima, "Mzee, karatasi tunayo?" Akanyamaza, akavuta kofia.

Kisha fundi mmoja wa umeme wa magari akasimama. "Katibu, mimi nalala Mlango Kubwa, chumba kimoja, watoto watatu. Kila siku nikiinua macho naona zile nyumba za Park Road. Nyumba zikija hapa, kwa nini nizikatae? Wewe unakataa kwa niaba ya nani?"

Alinipata. Nyumba za Park Road, Ngara, zile za serikali za bei nafuu, ni 1,370, na tunaziona ng'ambo ile tukiwa tumelala chini ya magari. Hakuna fundi hata mmoja ninayemjua Grogan aliyepata ufunguo, lakini hilo halifanyi nyumba kuwa kitu kibaya. Mji huu hauna nyumba za kutosha na wanaoajiriwa wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili hiyo hiyo. Tulibishana hadi mwenye kibanda cha chai akazima jiko.

Tulichokubaliana ni kuacha neno "hatutaki". Neno hilo likikataliwa unabaki mikono mitupu. Tuliandika madai matatu: jengo lirudi nyuma kutoka mtoni kama sheria inavyosema, sehemu ya chini ibaki ya mafundi na maduka, na kabla ya kuvunja kibanda chochote tupewe notisi ya maandishi na mahali pa kwenda. Yule fundi wa umeme akawa wa kwanza kutia sahihi. Kama tungemzomea siku ile, angetia sahihi kwenye karatasi ya upande wa pili.

Pima mto mwenyewe

Hili ndilo lililobeba pingamizi letu lote, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Kanuni za ubora wa maji zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira zinakataza ujenzi kwenye ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 na unaofika mita 30. Swali ni mita hizo zinaanzia wapi. Zinaanzia kwenye kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mwenye kutaka kujenga atapenda kuanzia pale maji yalipo leo, Januari, mto ukiwa umekonda kama mshipi.

Futi ya seremala haitoshi. Tuliazima ile ndefu ya mita 50 kutoka kwa kijana anayefanya kazi na maseveya. Kwenye ukuta wa ghala lililo nyuma yetu kuna mstari wa matope, rangi ya chai ya maziwa, unanifika kiunoni. Uliachwa na mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyozoa vibanda vya watu na baada yake serikali ikaamuru wakazi walio ndani ya mita 30 za mto wahame, nyumba za Mathare zikabomolewa. Mwanagenzi wangu alishuka hadi kwenye maji akashika ncha ya futi, pua ameifunga kwa fulana. Kutoka majini hadi ukuta wenye mstari: mita 11. Kutoka ukuta huo hadi bikoni, jiwe la mpaka wa ploti, pale ukuta wa jengo ulipochorwa: mita 4. Hata zile 6 za chini kabisa hazikufika.

Pima mara mbili, piga picha namba ikionekana kwenye futi, andika siku na saa, na walioshuhudia watie sahihi. Kisha mwandikie barua Mamlaka ya Rasilimali za Maji uwaombe waje waweke alama zao rasmi, kwa sababu kipimo chako ni cha kuamsha watu, na chao ndicho kitakachosimama mbele ya kamati. Nakala mpelekee NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na nyingine Tume ya Mito ya Nairobi iliyoundwa 2022.

Ukikutana na mtu anayetaka kununua nyumba kwenye jengo kama hilo, mkumbushe Agosti 2018. Ukay Centre kule Westlands na South End Mall ya Lang'ata zilibomolewa kwa sababu ya mto. Yalikuwa majengo ya mawe, yenye wapangaji na walinzi getini. Mimi sitaki fundi wa umeme auze shamba la baba yake anunue kitu kama hicho.

Barua na mhuri

Ukurasa mmoja. Juu namba ya ploti, chini yake neno PINGAMIZI, kisha sababu zako kwa namba, kisha unachotaka kifanyike. Yangu ilianza hivi: "Sisi mafundi na wafanyabiashara 63 wa Barabara ya Kirinyaga tunapinga ombi hili katika hali lililo nayo sasa, kwa sababu ukuta wa jengo uko mita 4 kutoka alama ya mafuriko ya Aprili 2024. Picha zimeambatishwa." Mambo ya uchungu wetu na miaka yetu pale niliyaweka mwisho, mistari miwili. Afisa hawezi kufanya lolote na uchungu. Kipimo hawezi kukiruka.

Niliandika kwa Kiswahili. Karani mmoja aliniambia nikaandike upya kwa Kiingereza. Nikamwambia Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Akaipokea. Nilikuwa nimekariri kifungu hicho njiani nikiwa ndani ya matatu.

Lakini barua ya kwanza ilinipotea kwa ujinga wangu. Niliambiwa "acha hapo, mama", nikaiacha juu ya meza, nikatoka nikijiona nimemaliza kazi. Baada ya siku tano hakuna aliyeijua. Siku tano kati ya 14! Mara ya pili nilikwenda na nakala tatu nikakaa kwenye benchi hadi ya kwangu ikagongwa mhuri wenye tarehe. Sahihi za watu ziwe kwenye karatasi ileile yenye madai, au kila ukurasa uandikwe madai juu. Utaona kwa nini.

Omba pia faili lenyewe: michoro, ripoti ya mpangaji, kila kitu. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Hesabu tena: pingamizi ni siku 14. Maana yake majibu yanaweza kuja ukiwa umeshachelewa. Omba siku ileile uliyoona bango, na upeleke pingamizi bila kusubiri; ukipata michoro baadaye, andika barua ya nyongeza.

Usidhani barua ya kaunti inatosha kila mahali. Ripoti ya athari za mazingira inakwenda NEMA, ina tangazo lake na muda wake. Barua mbili, mihuri miwili.

Siku ya mkutano

Mkutano wa kwanza wa kukusanya maoni ulikuwa na hema, soda na tisheti. Mlangoni kulikuwa na kijana mpole mwenye daftari: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Tulipanga foleni tukaandika, kwa sababu nauli ilikuwa inatolewa kwa kufuata daftari hilo. Juu ya ukurasa hapakuwa na kichwa chochote. Miezi miwili baadaye niliiona karatasi ileile ndani ya faili, na mwandiko wangu mzuri mstari wa nne. Sasa ilikuwa na kichwa. Ilisema ni orodha ya wakazi walioafiki mradi.

Tangu siku hiyo sitii sahihi mahali penye nafasi tupu juu. Naandika mwenyewe "Mahudhurio tu", na kando ya jina langu "sijaafiki", kisha napiga picha ukurasa. Wafundishe watu wako kabla hawajafika hemani, maana soda baridi inasahaulisha.

Mkutano wa pili tulikwenda tumejipanga. Wasemaji watatu, kila mmoja na dai lake moja, dakika mbili. Wengine kazi yao ilikuwa kupiga makofi na kutoingilia. Mzee wa springi nilimpa dai la mafundi, kwa sababu akisimama watu hunyamaza wenyewe. Mimi nilichukua mto. Nilimuuliza mtaalamu wao swali moja tu: "Mlipima kutoka wapi?"

"Kutoka ukingo wa mto, mama."

"Ukingo wa mwezi gani?"

Hema lote lilicheka. Yeye alitazama michoro yake, akageuza ukurasa, akageuza tena. Sikuongeza neno, nikakaa chini. Mwenzangu alikuwa anarekodi kwa simu, na mwingine anaandika kumbukumbu zetu wenyewe, ambazo tulizipeleka kaunti siku iliyofuata. Unajua tulizipeleka na nini mkononi: nakala ya kugongwa mhuri.

Wakiidhinisha hata hivyo

Una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mawasiliano ya mipango na matumizi ya ardhi, kifungu cha 61 cha sheria ya 2019, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Usiporidhika, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA inapingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na muda ni siku 60. Kufikia hapo tafuta wakili. Ukimpelekea faili lenye tarehe na mihuri, saa yake ya kwanza hataitumia kukuuliza ilikuwa lini.

Sisi hatujafika huko. Michoro ilirudishwa ikarekebishwa: jengo limesogea nyuma, sehemu ya chini imeandikwa "maduka". Neno gereji halipo popote, na duka lenye mlango wa kioo haliwezi kuingiza gari bovu. Kwa hiyo naandika barua nyingine. Hadi sasa fotokopi, nauli, magazeti na chai ya mwenye futi vimetugharimu shilingi 3,180, tumechangishana. Faili liko chini ya cherehani yangu. Nimelishonea jalada la reksini nyeusi, mshono mara mbili, kwa sababu paa letu linavuja upande wa mto.