Pampu kwanza, sahihi baadaye: murabaha kwa mkulima wa robo eka

Mwaka wa mwanzo nilipolima nyanya na bilingani hapa Bumbwini, Unguja, aliyefaidi alikuwa mwenye sheli. Kila siku lita mbili za petroli, shilingi 6,000, na mashine yenyewe inazima inapojisikia. Sasa namwagilia kwa jua, na pampu nimeipata kwa murabaha, yaani kuuziwa kitu kwa faida iliyotajwa wazi, bila riba, ukalipa kidogo kidogo. Majirani wananiuliza njiani, basi naeleza hapa mara moja.

Anza na maji, fedha baadaye. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Kiangazi mboga zinataka kiasi cha milimita 5 kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hiyo ni lita 5,000. Teremsha kamba yenye jiwe kisimani upime mpaka yalipo maji, ujumlishe na urefu wa tangi. Kwangu ilikuja mita 20, na paneli za wati 300 zinanitosha. Fundi mmoja alishikilia nichukue za wati 1,000! Sisi tulio karibu na bahari pampu kubwa inatuponza: ukivuta maji kwa pupa, chumvi inapanda kisimani na shamba linaungua. Bora ndogo, ivute taratibu kutwa, ijaze tangi. Betri sikununua, usiku namwagilia maji ya tangini.

Ukishajua unachotaka, chukua profoma dukani, ile karatasi ya bei, uende nayo kwenye chama kinachouza kwa murabaha.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Murabaha si kukopeshwa fedha, ni kuuziwa kitu. Chama kinanunua pampu, inakuwa mali yake, kisha kinakuuzia wewe kwa kukutajia wazi ilinunuliwa kwa ngapi na faida yao ngapi. Nilikokwenda mwanzo niliwekewa karatasi mbili, ya uwakala na ya kununua, nisaini zote papo hapo, na bahasha ya fedha juu yake: "Utanunua mwenyewe, bibie." Nikawauliza, mnaniuzia nini, mbona kitu chenyewe hakipo? Wakacheka. Nikachukua mkoba wangu. Kukufanya wakala uwanunulie inafaa, lakini mali ikishapatikana lazima wakuuzie kwa mkataba wa peke yake. Kabla ya hapo watakutaka uahidi kuwa utanunua. Ahidi, ahadi si mauzo.

Usitie sahihi ya kununua mpaka pampu imefungwa, imewashwa, na maji umeyaona. Yangu ilikuja na kidhibiti kimeungua. Kwa kuwa bado ilikuwa mali ya chama, wao ndio walioirudisha dukani, mie nikasubiri siku tisa na ndoo zangu. Ningekuwa nimesaini siku ya profoma, zile mbio za dukani zingekuwa zangu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: dukani 2,400,000, faida ya chama 360,000, jumla 2,760,000 kwa miezi 18. Ni wastani wa 153,000 kwa mwezi, na petroli ilikuwa ikinila 156,000 kwa siku 26 za kazi. Niliomba nilipe kidogo miezi ya masika, nyanya zinapooza, nifidie wakati wa mavuno. Wakakubali, lakini ni kwa sababu niliomba kabla. Bei ikishakubaliwa haipandi hata ukichelewa. Kama mkataba una faini ya kuchelewa, uliza inakwenda wapi: sadaka, au mfukoni mwao? Hapo utawajua.

Asiye na hakika kama atakaa shambani miaka miwili aulizie ijara: unakodi, pampu inabaki yao, na matengenezo makubwa ni juu yao.

Wa mpunga nao wasisahau zaka: uliokua kwa mvua ni sehemu moja ya kumi, uliomwagiliwa kwa gharama ni nusu yake. Petroli au jua, mwalimu wetu anasema ni gharama tu.

Paneli nazifuta vumbi kila Ijumaa asubuhi, kabla hazijapata moto, kwa kitambaa na maji matupu.