Jinsi ya kuandikia wasanii wa nje nyimbo ukiwa hapa Nairobi

Watu wengi huniuliza nilianzaje kufanya kazi na waimbaji wa nje na studio yangu ni chumba kimoja tu hapa Umoja, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, na kila mara naanza kwa kuwaambia habari ya mzee mmoja Mwitaliano, mtunzi na produsa wa muziki wa disko, anaitwa Giorgio Moroder, juu njia aliyopita unaweza kuifuata hata leo.

Huyu mzee alizaliwa 1940 kule Ortisei, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia, akatoka akaenda Ujerumani kutafuta maisha na mwishowe akakita kambi Munich. Nyimbo alizotaka kuuza zilihitaji Kiingereza na Kiingereza si lugha ya kwao. Sasa ona alichofanya. Akashikana na Pete Bellotte, Mwingereza aliyekuwa huko Munich, huyo akawa mtu wa maneno, halafu wakampata Donna Summer, Mmarekani wa Boston aliyekuja Ujerumani kuimba kwenye mchezo wa jukwaani wa Hair. Wageni watatu kwenye mji wa wenyewe, na kila mmoja ana kitu mwenzake hana.

Kwa hivyo kabla hujamtumia mtu biti hata moja, yaani muziki bila maneno, jiulize wewe unakosa nini. Mimi nilikuwa nakosa sauti ya kuimba na nikapoteza miaka nikijirekodi mwenyewe. Moroder hata alipohamia Marekani na kuchukua Oscar tatu hakuacha hiyo tabia: ule wimbo wa filamu ya Flashdance, 1983, maneno ni ya Keith Forsey na Irene Cara, na ule wa Top Gun, 1986, maneno ni ya Tom Whitlock, fundi aliyekutana naye akimrekebishia breki za gari. Fundi wa magari jameni. Usidharau mtu.

Hao watu utawapata wapi Nairobi? Usianzie kwa intaneti. Goethe-Institut na Alliance Française ziko karibu karibu pale mjini, upande wa Loita Street, na wanamuziki kutoka nje hupita hapo kila wakati, ingia kwa shoo, kaa mpaka mwisho, msalimie mpiga besi wakati anakunja nyaya zake. Mwimbaji mkuu amezungukwa na watu, lakini mpiga besi ana muda na anajua watu. Wa kwanza wangu nilimpata hivo, ni Mwitaliano, na mpaka leo tunafanya kazi. Sikujaribu kumuandikia Kiitaliano cha kubahatisha, nilimpa kiitikio cha Kiswahili na melodi, beti akaandika mwenyewe.

Ukituma kazi, tuma tatu tu, zile unazoweza kuzitetea usiku wa manane. Faili iandikwe jina lako, kasi ya wimbo na ufunguo wake wa muziki (key), si "biti mpya final final 2". Mtu akisema anataka moja, mtumie kila chombo kwa faili yake, WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 24-bit, na zote zianzie sekunde ile ile moja hata kama tarumbeta inaingia dakika ya pili, ili akizipanga kwa kompyuta yake zikae sawa bila kukupigia simu. Na weka nakala mahali pengine, unajua stima yetu. Masaa pia angalia: Italia iko nyuma yetu saa moja wakati wao wako summer na saa mbili wakati wao wako baridi, hiyo ni rahisi, lakini Los Angeles iko nyuma yetu kwa masaa kumi au kumi na moja, utamtumia mtu ujumbe wa asubuhi njema akiwa ndio anataka kulala.

Halafu muziki wako uwe na sauti yake ya kipekee, hapa ndio naomba unisikize vizuri. Sikiza I Feel Love ya 1977, ile Moroder na Bellotte walitengeneza na Donna Summer, na hedifoni, si spika ya simu. Ile besi inagonga sikio la kushoto, halafu mwangwi wake unajibu kulia katikati ya noti na noti, ndio maana inasikika kama inakimbia mbio mara mbili. Karibu kila kitu kimetoka kwa sinthesaiza moja kubwa ya Moog, yaani mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, na haikuwa hata yake, ilikuwa ya mtunzi mwingine wa huko Munich. Ile ngoma ya mguu (kick) ilipigwa na mtu, huyo huyo Keith Forsey, kwa sababu mashine haikutoa mshindo waliotaka. Kwa hivyo usiniambie huna vyombo. Azima, na pale mashine imeshindwa weka mkono wa mtu, uko Nairobi na wapiga ngoma wamejaa.

Sasa karatasi. Mimi niliwahi kuuza biti elfu tano bila kuandikiana chochote, baada ya mwaka nikaisikia kwa matatu ya Umoja nikirudi nyumbani, watu wanaimba kiitikio nilichotunga na jina langu haliko popote, nilishuka stage mbili mapema nikatembea juu nilikuwa nataka kulia. Kwa hivyo shika hii: kuna haki ya wimbo, yaani maneno na melodi, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ni vitu viwili. Ukiuza rekodi hujauza wimbo mpaka useme hivo kwa maandishi. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo hapo unaongea pesa ya watoto wako. Sajili kazi yako KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, na uwaulize ni chama gani kina leseni ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake ikitumika, kabla hujajiunga.

Na siku mmeandika wimbo, msitoke studio bila kujaza nani ana asilimia ngapi, majina kamili ya kwenye kitambulisho au paspoti, zote zifike mia. Weka sahihi, piga picha, tuma kwa WhatsApp kila mtu aipate hapo hapo, ndio sasa mwite boda imchukue mgeni wako.