Kondo Moja, Watoto Wawili: Nilivyoibeba Mimba ya Mapacha wa Kufanana

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Kingalu hapa Morogoro, na kazi yangu yote iko kwenye daftari. Mteja akipotea miezi mitatu halafu akarudi, kiuno chake sikikumbuki, daftari ndilo linalokumbuka. Ukiniuliza kilichonivusha kwenye mimba ya mapacha, nitakutajia lile daftari kabla sijataja dawa wala chakula.

Tuanze na swali. Ukiambiwa una mapacha, usikimbilie kuuliza ni wa kike au wa kiume. Uliza hivi: "Kondo la nyuma ni moja au ni mawili?"

Mapacha wa kufanana hutoka kwenye yai moja lililogawanyika. Likigawanyika mapema, ndani ya siku tatu hivi, kila mtoto hupata kondo lake. Likigawanyika kati ya siku ya nne na ya nane, wanashirikiana kondo moja lakini kila mmoja ana chupa yake ya maji. Likichelewa zaidi ya hapo, chupa nayo inakuwa moja, na kamba za vitovu zinaweza kusokotana. Wengi wa mapacha wa kufanana, kama theluthi mbili, ni wa kundi hilo la katikati. Wangu walikuwa hao: gora moja, nguo mbili.

Shida ya kondo moja ni kwamba mishipa ya damu ya watoto huwa imeungana humo ndani. Mara nyingi damu inakwenda na kurudi kwa usawa na hakuna kinachotokea. Usawa ukivunjika, mmoja anakuwa mtoaji na mwenzake mpokeaji. Mtoaji hukojoa kidogo, maji yake yanakauka. Mpokeaji hukojoa sana, chupa yake inafurika na moyo wake unaelemewa. Hali hiyo huwapata kama wajawazito 10 hadi 15 katika kila 100 wenye kondo moja. Kwa hiyo wengi tunapita salama, lakini isipogunduliwa mapema inaweza kuwachukua watoto wote wawili.

Idadi ya makondo huonekana vizuri kwenye ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi ya 14. Daktari anatazama pale utando unaowatenganisha watoto unapokutana na kondo. Ukisimama mwembamba kama herufi T, kondo ni moja. Kukiwa na kipembe kinene kama kilele cha paa la nyumba, ni mawili. Wiki zikisogea, alama hiyo inakuwa ngumu kuiona.

Mimi nilipima wiki ya 12 kwenye kituo kimoja cha mtaani. Waliandika maneno matatu: "Mapacha, wote hai." Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu, na ile picha nikaibandika ukutani juu ya cherehani ili wateja waione. Wiki ya 17 daktari mwingine akaniuliza, "Mama, kondo ngapi?" Nikabaki kumkodolea macho. Alipima akasema utando anauona, ila pale unapoanzia haoni vizuri. Akaniuliza kama nina picha ya mwanzo.

Sasa, ile karatasi ya ultrasaundi hufifia kwa joto na mwanga, na dirisha la kibanda changu linatazama jua la jioni. Nusu ya picha ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe. Bahati yangu, nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na ile T. Wewe usitegemee bahati: ipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Na kama hakuna anayeweza kusema kondo ni ngapi, kanuni ni kuihesabu mimba kuwa ya kondo moja mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiambiwa "tusubiri tuone", tafuta daktari mwingine.

Daftari

Mimba ya kondo moja hupimwa ultrasaundi kila baada ya wiki mbili, kuanzia wiki ya 16. Siyo mara tatu kwa mimba nzima. Hesabu mwenyewe: 16, 18, 20, mpaka 36, ni safari 11. Mtaalamu niliyepewa rufaa kwake alikuwa Dar. Treni ya SGR ilikuwa shilingi 13,000 kwenda, 13,000 kurudi, ambayo kwa safari 11 ni 286,000 bado hujalipia kipimo wala bajaji. Nililiona hilo mapema nikaenda kwa wanawake wenzangu wa mchezo wa kupeana pesa, nikawaomba wanipe zamu ya pili badala ya ya tisa. Hakuna aliyekataa. Dada, sema shida yako mapema, kabla hujafilisika. Watu huwa wagumu kumsaidia mtu anayewashtukiza.

Kila nilipopimwa niliandika: tarehe, wiki, maji ya mtoto A, maji ya mtoto B, kibofu cha kila mmoja kinaonekana au hakionekani, makadirio ya uzito, na mtiririko wa damu kwenye vitovu. Wapimaji wengine hawapendi kuulizwa. Uliza hivyohivyo, kwa heshima: "Samahani daktari, naomba namba za maji ya kila mtoto." Neno "kawaida" usilikubali peke yake. Mteja akiniambia "nishonee saizi ya kawaida" huwa nachukua futi nampima.

Namba zenyewe zinasomwa hivi. Maji hupimwa kwa kina, pale yalipo mengi zaidi. Hatari ni pale ya mtoto mmoja yanaposhuka chini ya sentimita 2 huku ya mwenzake yamepita 8, na kuanzia wiki ya 20 wako madaktari wanaotumia 10. Kibofu cha mtoaji kisipoonekana kabisa, hali imesonga mbele. Uzito: toa mdogo kwa mkubwa, gawanya kwa mkubwa, zidisha kwa 100. Wangu wiki ya 29 walikuwa gramu 1,400 na 1,150. Tofauti 250, yaani karibu asilimia 18. Ikifika 20 daktari huanza kufuatilia kwa karibu zaidi, ikifika 25 ni jambo zito.

Wiki ya 20 maji yangu yalisoma 2.4 na 7.1. Wiki mbili nyuma yalikuwa 3.9 na 4.8. Daktari hakuwa na haja ya kunieleza, nilishaona mwenyewe zinakwenda wapi. Akaniambia nirudi baada ya siku nne, siyo wiki mbili. Siku hizo nne sikushona hata kifungo. Nilirudi: 2.6 na 6.8. Wiki iliyofuata 3.1 na 6. Yakakaa hapo.

Muulize daktari wako, kabla hujahitaji, "Maji yakifika kwenye namba za hatari, nitapelekwa wapi?" Tiba yenyewe ni leza: kamera nyembamba huingizwa tumboni na ile mishipa iliyoungana hufungwa, na kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 16 na ya 26. Haipatikani kila hospitali, hivyo barua ya rufaa na nauli havitafutwi siku ya dharura. Pale isipopatikana, kuna wanaopunguza maji yaliyozidi kwa sindano ili mama apumue na uchungu usianze mapema. Hiyo inanunua muda tu, mishipa inabaki vilevile.

Na kati ya kipimo na kipimo? Tumbo likikua ghafla ndani ya siku chache, likakaza kama ngoma na pumzi ikawa fupi, usisubiri tarehe ya kadi. Mimi kila Ijumaa nilijipima tumbo kwa futi yangu ya kazini. Ilinipa amani, lakini futi haioni ndani.

Mwili

Hapa nitakwenda haraka, mengi utayasikia kliniki. FEFO, kidonge cha madini ya chuma na foliki, kila siku, na usiiteremshie na chai, kwa maana chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Mimi nilimeza kwa chungwa, chai nikainywa baadaye. Dagaa, maharage, mchicha, mayai nikiyapata. Chandarua, na dawa za kukinga malaria za kliniki. Mapacha huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba, kwa hiyo presha na mkojo vipimwe kila hudhurio. Daktari wangu alinianzishia aspirini ya dozi ndogo kwa ajili hiyo; usijianzishie mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Msukuma wa Shinyanga, mwanamke ninayempenda sana, alikuja wiki ya 24 na amri mbili. Ya kwanza, nilale kitandani mpaka nijifungue. Nikamwuliza daktari, akasema kulala kutwa nzima hakuzuii mapacha kuzaliwa mapema, tena damu inaweza kuganda miguuni. Nipunguze kazi, nisibebe magora, nitembee kidogo jioni. Amri ya pili ilikuwa chupa ya mizizi ya kulainisha njia. Hiyo sikuinywa. Sikubishana naye pia. Nilimwambia, "Mama, daktari amenikataza kuchanganya," na lawama akabebeshwa mtu asiyekuwepo.

Watu watakuambia mapacha ni baraka, sasa unalia nini. Baraka ni baraka na hofu ni hofu, vyote nilikuwa navyo. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, usiku mwingi nilikuwa peke yangu na mtoto wetu wa kwanza. Nilichofanya ni kuchagua mtu mmoja, jirani yangu muuza mkaa, nikamwambia kila kitu pamoja na namba. Wengine wote waliambiwa "tunaendelea vizuri". Ukimweleza kila mtu, utajikuta unawatuliza watu 30 badala ya kutulizwa na mmoja.

Kama umeajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania inakupa likizo ya uzazi ya siku 100 zenye malipo ukizaa zaidi ya mtoto mmoja, badala ya 84. Waajiri wengine wanasahau kukutajia. Sisi wa vibanda hatuna likizo. Mimi niliacha kupokea nguo za harusi kuanzia wiki ya 26.

Siku yenyewe

Mapacha wa kondo moja na chupa mbili, mambo yakienda vizuri, hupangiwa kuzaliwa kati ya wiki ya 36 na ya 37. Wa chupa moja huzaliwa kwa oparesheni, wiki ya 32 hadi ya 34. Lakini jiandae kwa ajili ya mapema zaidi. Kabla ya wiki ya 28 ujue hospitali ipi ina chumba cha njiti na mashine ya kuwasaidia kupumua, na uende huko watoto wakiwa bado tumboni, kwa sababu kumsafirisha njiti aliyekwisha zaliwa ni hatari zaidi. Uwe na watu wawili wa kukuchangia damu. Na iweke kwenye simu namba 115, ya m-mama: kupiga ni bure, na wanatafuta usafiri wa kumpeleka mjamzito hospitali.

Wiki ya 33 niliamka na kichwa kinachogonga na vimulimuli machoni. Sikumeza panadoli. Jirani alipiga 115, mimi nikachukua begi na daftari. Presha ilikuwa 150 kwa 100, na mkojo una protini. Nilichomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto, nne, moja kila baada ya saa 12. Kama uko chini ya wiki 34 na unaelekea kujifungua, ziulizie. Mapacha si lazima wazaliwe kwa oparesheni, mtoto wa kwanza akitanguliza kichwa daktari anaweza kukuruhusu ujaribu. Wangu wa kwanza alikuwa amelala mkingamo, tukaenda kwenye kisu.

Wasichana wawili, kilo 1.9 na kilo 1.5. Tulikaa siku 19. Kazi yangu ilikuwa kukamua maziwa kila baada ya saa tatu, na kuwabeba kangaruu, ngozi kwa ngozi, wote wawili kifuani kwa zamu na bibi yao. Vitambaa vya wodini vilikuwa vinateleza, nikamtuma jirani aniletee kipande cha kitenge na sindano, nikashona mkanda wenye mifuko miwili nikiwa nimekaa kitandani. Wauguzi wakaniagiza mingine minne.

Bibi aliwapa majina palepale: Kulwa wa kwanza, Doto wa pili. Nilimfunga Doto uzi mwekundu mkononi ili tusiwachanganye. Muuguzi akaukata, akasema njiti hunenepa haraka na uzi utambana. Basi nikawashonea kofia, moja K, nyingine D. Siku ya tatu nyumbani bibi aliziosha zote mbili akazirudisha kichwani bila miwani. Tuliwaweka kwenye mzani wa mama muuza dagaa ndipo tukajua nani ni nani.